Oska wangu alikufa siku ya pili baada ya kusafisha tangi. Nilikosea wapi?

Swali la msomaji: Miezi 13 iliyopita nilinunua samaki wawili aina ya oska, kila mmoja kama sentimita 5, nikawaweka kwenye tangi la kioo la lita 54. Muuzaji alinihakikishia kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi lake. Sasa wamefika kama sentimita 18. Maji yalikuwa yanaonekana safi, kwa hiyo nilikuwa naongeza tu yale yaliyopungua. Mwezi uliopita mmoja akaanza kutoka vishimo kichwani, nikaamua kufanya usafi mkubwa: nikatoa nusu ya maji, nikaosha changarawe na sponji ya filta kwa maji ya bomba mpaka vikatakata, nikajaza maji mapya ya bomba. Kabla ya usafi nilipima: pH 6, amonia 8, rangi ya mwisho kwenye chati. Asubuhi iliyofuata pH ilikuwa 8 na amonia 4, na wote wawili walikuwa wanahema juu ya maji. Siku ya pili mmoja akafa. Aliyebaki ni yule mwenye vishimo. Ni ugonjwa gani uliomuua mwenzake? Tangi la lita ngapi linamfaa huyu? Na nikimnunulia kambare mkia-mwekundu mdogo awe mwenzake, watapatana?

Jibu:

Pole sana, ndugu yangu. Samaki uliyemlea mwaka mzima, anayekuja kwenye kioo kila ukipita, si kitu cha kusahau kwa siku mbili. Nashukuru uliandika vipimo vya kabla na vya baada, maana bila namba hizo nne ningekuwa nabahatisha. Kwa namba hizo nakwambia bila kusita kwamba mwenzake hakufa kwa ugonjwa. Alikufa kwa amonia, ikisaidiwa na klorini ya bomba, na amonia hiyo ilikuwa imejaa tangini muda mrefu kabla ya siku ya usafi. Siku ile iligeuka tu kuwa sumu.

Samaki hutoa sehemu kubwa ya taka yake ya naitrojeni kupitia matamvua, na hutoka ikiwa amonia. Ikiwa majini, amonia huwa katika hali mbili. Ya kwanza ni gesi iliyoyeyuka, na hiyo ndiyo hupenya matamvua na kuyaunguza. Ya pili ni amoniamu, yaani amonia iliyoshika chembe ya hidrojeni, ambayo madhara yake ni madogo mno ukilinganisha na ya kwanza. Kipimo chako husoma jumla ya zote mbili, hakikwambii ipi ni nyingi. Kinachogawa ni pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambacho hushuka asidi ikizidi, na kwa kiasi fulani joto. Katika nyuzi 25, maji yenye pH 6 huwa na kama sehemu 6 tu za sumu katika kila sehemu 10,000 za amonia yote. Maji yenye pH 8 huwa na sehemu 5 katika kila 100.

Sasa rudi kwenye namba zako. Kabla ya usafi ulikuwa na miligramu 8 kwa lita, lakini sumu halisi ndani yake ilikuwa kama miligramu 0.005. Baada ya usafi jumla ikashuka hadi 4, ukaona umepiga hatua. Kumbe pH ilipopanda hadi 8, sumu ikafika kama miligramu 0.2 kwa lita, yaani mara 40 ya ile ya jana yake. Kiwango ambacho wafugaji wengi hawapendi kukivuka ni miligramu 0.02. Ndani ya saa chache samaki wako walitoka kwenye maji machafu waliyoyazoea wakaingia kwenye maji yenye sumu mara kumi ya kikomo hicho, na juu yake klorini. Kuhema juu ya maji ndiyo dalili yenyewe: matamvua yaliyoungua hayawezi tena kuvuta oksijeni ya kutosha. Mimi mwenyewe nimewahi kumpoteza samaki wa dhahabu wa miaka 9 kwa njia hiihii, miaka ile ambayo niliamini kwamba maji mapya hayawezi kumdhuru samaki.

Hebu tumshughulikie kwanza aliye hai, mengine yatafuata.

Acha kumlisha kwa siku 3. Oska wa sentimita 18 hupita siku hizo bila shida yoyote, na kila punje usiyotia ni amonia ambayo haitazaliwa. Weka pampu ya hewa, au inua mdomo wa filta ili uso wa maji uchemke-chemke. Halafu badilisha maji kila siku, theluthi moja hadi nusu, mpaka amonia ishuke chini ya 0.5. Huenda hapa ukajiuliza mbona nakwambia ufanye lilelile lililomuua mwenzake. Tofauti ni kwamba pH ya tangi lako sasa imeshalingana na ya bomba, kwa hiyo haitaruka tena, na kila ndoo unayobadilisha inapunguza sumu moja kwa moja. Mtu ambaye tangi lake bado liko pH 6 na amonia imejaa ndiye asithubutu kubadilisha nusu. Huyo aende kwa sehemu moja ya kumi kila siku, wiki mbili, akipima kila asubuhi, na pH ipande pole pole.

Maji mapya lazima yaondolewe klorini na yawe na joto sawa na la tangini. Klorini ya kawaida huondoka yenyewe ukiyaweka maji kwenye pipa lililo wazi usiku kucha na mawe ya hewa yakifanya kazi. Kloramini haiondoki hivyo, hata ukiyaacha wiki nzima. Kwa kuwa maji ya mabomba mengine hutiwa kloramini badala ya klorini, njia ya uhakika ni dawa ya kuondoa klorini ambayo maelezo yake yanataja kloramini pia.

Sponji ya filta usiiguse kwa sasa. Bakteria wanaokula amonia hukaa humo, kwenye ule utelezi wa kahawia uliouosha mpaka ukaisha. Watarudi, lakini huchukua wiki 4 hadi 6. Njiani utaona amonia inashuka na nitriti inapanda, kwa sababu kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili, linalochelewa kukua, hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Kinga yake ni rahisi: chumvi ya kawaida isiyo na nyongeza yoyote, gramu 1 kwa kila lita ya maji, iyeyushwe kwanza pembeni. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huiwahi nitriti mlangoni mwa matamvua. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya yale uliyotoa tu, usipime upya kwa tangi zima. Kama unamfahamu mfugaji mwenye tangi zuri lisilo na magonjwa, mwombe kipande cha sponji yake chafu ukiweke ndani ya filta yako. Hakuna zawadi iliyo bora kuliko hiyo kwa sasa.

Sasa tuje kwenye chanzo chenyewe. Unasema maji yalionekana safi, na nakuamini. Amonia haina rangi, nitriti haina rangi, nitrati haina rangi. Macho hayawezi kukuonyesha lililo muhimu, ndiyo maana mfugaji wa samaki wakubwa bila vipimo anatembea gizani.

Kwa nini pH ilianguka hadi 6? Fuata njia ya chakula. Oska wawili wa ukubwa wa wako watakula kama gramu 5 za punje kwa siku wote pamoja. Punje nyingi za samaki hawa zina protini kama asilimia 40. Wahandisi wa mabwawa ya samaki hukadiria amonia kwa kuzidisha uzito wa chakula kwa kiwango cha protini, kisha kwa 0.092. Kwa hiyo gramu 5 zinazaa kama gramu 0.18 za amonia, ikihesabiwa kama naitrojeni. Ukizimwaga kwenye lita 54 unapata miligramu 3.4 kwa kila lita, kila siku inayopita. Bakteria wakiigeuza hiyo amonia kuwa nitrati, hula karbonati iliyo kwenye maji, ile inayozuia pH isianguke. Kinga hiyo hupimwa kama ualkali, na kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia hula ualkali wa kama miligramu 7. Mara 3.4, tayari ni miligramu 24 kwa siku. Maji ya bomba yenye ualkali wa 70, ambayo si maji mabaya, yanaishiwa kinga katika siku 3. Hata kama samaki wako walikuwa wanakula nusu ya kiasi hicho, ni wiki moja tu.

Baada ya hapo pH huporomoka, na ikifika karibu na 6 bakteria wenyewe karibu wanaacha kazi. Amonia inaanza kujikusanya, lakini kwa kuwa maji yana asidi inabaki katika hali yake ya upole, na samaki wanaendelea kuishi. Wanaishi kwa shida, rangi zimefifia, mmoja anatoka vishimo, lakini wanakuja kula, na mwenye tangi haoni la ajabu. Matangi yaliyokaa hivi kwa miezi ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Huanguka siku mwenyewe anapoingiwa na huruma na kuyasafisha. Ndiyo maana sitaki ujilaumu kwa ule usafi. Kosa lilikuwa wiki zote ulizoongeza maji bila kutoa. Maji yakipungua kwa mvuke, kinachoondoka ni maji peke yake, taka yote inabaki.

Hilo la muuzaji kwamba samaki hukua kulingana na tangi, nalisikia kila mara na kila mara linaniuma. Oska, Astronotus ocellatus, ni samaki wa bonde la Amazon anayefika sentimita 30 hadi 35, na akitunzwa huishi miaka 10 hadi 15. Katika miezi yake ya mwanzo huongeza kama sentimita 2.5 kila mwezi. Kwa umri wa wako walipaswa kukaribia sentimita 25. Wao wamefika 18, na muuzaji angesema, unaona, wametosha kwenye tangi. Hawakutosha, walidumazwa. Samaki anayeishi kwenye taka yake mwenyewe hukua polepole, hupinda mgongo, kinga yake ya mwili hushuka, na hufa mapema. Mtoto aliyekosa lishe naye huwa mfupi, na hakuna anayesema amejirekebisha kulingana na nyumba.

Kitu kingine kinachowapotosha watu ni kuhesabu urefu. Samaki akitoka sentimita 5 hadi 30, urefu umeongezeka mara 6. Lakini mwili ni urefu, upana na kimo, vyote vimeongezeka mara 6, kwa hiyo uzito umeongezeka kama mara 216. Na uzito ndio unaokula, unaohema na unaotoa taka. Tangi lililomfaa yule mdogo dukani halina uhusiano wowote na huyu atakayekuwa.

Tangi la lita ngapi, basi? Jibu limo kwenye hesabu ya chakula. Oska mmoja aliyekomaa atakula zile gramu 5 kwa siku peke yake. Katika tangi lenye bakteria wazima, amonia yote inaishia kuwa nitrati, na nitrati haiondoki mpaka uitoe kwa ndoo. Napenda isipite miligramu 40 kwa lita, na ikibaki karibu na 20 nafurahi zaidi. Kwenye lita 54 gramu hizo 5 zinaongeza nitrati kama miligramu 105 kwa wiki. Ukibadilisha nusu ya maji kila wiki bila kukosa hata mara moja, kilele cha nitrati kitatulia kwenye 210, kwa sababu ukitoa nusu kila wiki, kilele huwa mara mbili ya kinachoongezeka kwa wiki. Ukitoa theluthi, huwa mara tatu. Ukitoa sehemu moja ya tano, mara tano. Kanuni hii ni fupi na inafaa kuliko majedwali yote ya kuhesabu samaki kwa sentimita.

Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50 lina lita 270. Humo gramu zilezile 5 zinaongeza nitrati 21 kwa wiki, na kwa kubadilisha nusu kila wiki kilele kinakaa kwenye 42. Hapo ndipo penye mpaka. Kwa oska mmoja nalikubali, nikijua kwamba mwenyewe hana ruhusa ya kuruka wiki. La sentimita 150 kwa 60 kwa 60 lina lita 540, ongezeko ni kama 11 kwa wiki, na ukibadilisha theluthi tu kilele ni kama 32. Ningekuwa wewe ningetafuta hili la pili, hata likiwa limetumika. Ukilipata lililotumika, lijaze maji nje na liache siku 2 uone kama linavuja.

Angalia upana kabla ya kimo. Samaki wa sentimita 30 anageuka kwa kujipinda, na kwenye tangi la upana wa sentimita 30 kila mgeuko ni kusugua mkia na mapezi kwenye kioo. Tangi pana pia lina uso mkubwa wa maji, na oksijeni huingilia hapo. Lile refu jembamba linalopendeza sebuleni ndilo baya kuliko yote kwa samaki mkubwa.

Kumbuka uzito. Lita 540 ni kilo 540 za maji peke yake, hujaweka kioo, changarawe wala stendi. Jumla inapita nusu tani kwa mbali, imesimama kwenye miguu michache. Sakafu ya chini ya zege ndiyo mahali pake. Stendi iwe sawasawa kwa kipimo cha maji cha fundi, na kama kioo chake hakina fremu chini, tandika karatasi ya povu ngumu kati yake na ubao, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyobanwa hapo inatosha kupasua kioo.

Najua tangi kama hilo halipatikani wiki hii. Usingoje. Pipa pana au tangi la plastiki la kuhifadhia maji ya kunywa, lita 200 au 300, likiwa na filta, hewa na kifuniko, ni makazi bora mara nyingi kuliko kioo cha lita 54. Halipendezi kutazama, lakini oska hatazami. Nimeona samaki waliokaa humo miezi 6 wakatoka na rangi ambayo mwenyewe hakuwahi kuiona.

Filta ya tangi la samaki mkubwa iwe kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye boksi kwa lita zako, kwa kuwa waandishi wa maboksi hufikiria samaki wadogo. La muhimu zaidi ya kasi ya maji ni wingi wa sponji na vipande vyenye vitundu ambamo bakteria watakaa. Weka sponji ya kwanza mahali unapoifikia kwa urahisi, ichukue kinyesi, na hiyo uisuuze kila wiki kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Zilizo ndani zisuuze mara chache, kwenye maji hayohayo ya tangi, na kamwe usizisuuze zote siku moja.

Bakteria hao nao wanahema. Kwa kila gramu ya naitrojeni ya amonia wanatumia zaidi ya gramu 4 za oksijeni, na maji yakipata joto oksijeni hupungua: kwenye nyuzi 20 maji hushika kama miligramu 9.1 kwa lita, kwenye nyuzi 30 ni 7.6. Kwa hiyo siku za joto kali, punguza chakula na ongeza hewa. Umeme ukikatika, usilishe, washa pampu ndogo ya betri, na ikiwa filta ya kufungwa imesimama saa nyingi, mwaga maji yaliyo ndani yake kabla ya kuiwasha. Yameshaoza.

Oska ana nguvu na ana tabia ya kupanga nyumba yake mwenyewe. Atachimba changarawe, atang'oa mimea, atasukuma mawe. Hita ya kioo iliyo wazi ataipasua au itamchoma, hivyo iweke ndani ya kizuizi cha plastiki. Mimi hutumia hita mbili ndogo badala ya moja kubwa: ikitokea moja imekwama ikiwa imewaka, haina uwezo wa kuwachemsha samaki kabla sijaona. Nyuzi 25 hadi 27 zinamtosha. Kifuniko kiwe kizito, maana akishtuka usiku huruka.

Vile vishimo vya kichwani. Huu ni ugonjwa wa kichwa na mstari wa ubavuni, na huwapata sana samaki wa jamii ya oska. Chanzo chake si kimoja: maji yenye nitrati nyingi, upungufu wa vitamini na madini kwenye chakula, msongo, na mara nyingine vijidudu viitwavyo Spironucleus vinavyoishi tumboni. Kwa huyu wako sina haja ya kwenda mbali, maji peke yake yanatosha kuueleza. Vishimo vidogo hujifunga vyenyewe katika miezi michache ya maji mazuri. Vilivyo virefu huacha makovu, nayo hayamuumi. Ukiona anakonda ingawa anakula, na kinyesi chake ni kama uzi mweupe unaoning'inia, hapo vijidudu vinahusika. Metronidazoli ikichanganywa na chakula huvifikia tumboni, lakini kipimo akupangie daktari wa mifugo anayejua samaki. Usiimwage majini kwa kubahatisha, hasa sasa ambapo filta yako ni changa.

Chakula chake kikuu kiwe punje bora za samaki wakubwa. Kopo likishafunguliwa, vitamini C hupotea pole pole, kwa hiyo nunua kopo la kumaliza ndani ya miezi michache na ulihifadhi mahali pakavu pasipo joto. Mwongezee minyoo ya ardhini kutoka mahali pasiponyunyiziwa dawa, na minofu ya samaki mara moja moja. Moyo wa ng'ombe na nyama nyingine za wanyama wenye damu moto mnyime. Mafuta yake huganda kwenye joto la mwili wa samaki, naye hayawezi, na ini ndilo linalolipa. Samaki wa dhahabu wadogo wa kumlisha wakiwa hai nao waache. Wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na huja na magonjwa ya matangi waliyotoka. Akiwa mdogo alishwe mara mbili kwa siku, akikomaa mara moja, na siku moja kwa wiki asile kabisa. Atakuomba. Oska hujua kuomba kuliko samaki wote niliowahi kuwafuga, na kumkatalia ni sehemu ya kumpenda.

Kuhusu kambare mkia-mwekundu, nakuomba usimnunue. Si kwamba hawatapatana. Phractocephalus hemioliopterus ni kambare wa mito ya Amazon na Orinoco, anapita mita 1, na hukua kwa kasi inayowashangaza hata wazoefu. Yule wa sentimita 8 unayemwona dukani ni kichanga. Humeza chochote kinachoingia mdomoni, na mdomo wake ni mpana kama kichwa chake, kwa hiyo siku moja utaamka umkose oska wako. Hata tangi la lita 540 nililokushauri litakuwa kwake beseni. Anahitaji bwawa la ndani lenye joto, maisha yake yote. Majumba ya maonyesho ya samaki huombwa mara kwa mara kuwapokea kambare hawa na wenye nyumba walioshindwa, na hayana nafasi. Pangasi wa mto Mekong, anayeuzwa kwa sura ya papa mdogo, ni hivyohivyo: anapita mita 1, anataka kundi, na akishtuka hujigonga kioo mpaka pua inapasuka. Paku naye, anayefanana na piranha akiwa mdogo, hukaribia mita. Hata pleko wa kawaida, anayenunuliwa kusafisha mwani, huzidi sentimita 40 na hutoa kinyesi kingi kuliko mwani anaokula.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kwa samaki hawa nguo huvuliwa dukani, siku ya kununua. Kabla hujalipa, tafuta urefu wake akikomaa, kisha jiulize kama chumba ulicho nacho leo, si utakachojenga, kinamtosha. Na ikitokea umeshindwa, samaki asipelekwe mtoni wala ziwani. Oska waliotupwa wamejaa katika maji ya kusini mwa Florida, ambako hawakuwahi kuwepo, na pleko wamechimba mashimo kwenye kingo za mito ya nchi nyingi wasikotoka. Mrudishe dukani au mtafutie mfugaji mwenye nafasi.

Oska wako hahitaji mwenza. Ni samaki anayeishi vizuri peke yake, na mtu anayekaa mbele ya kioo chake humchangamsha vya kutosha. Kwenye lita 540 baadaye unaweza kufikiria kundi la samaki wepesi wasioingia mdomoni mwake, lakini si kabla ya miezi 6 ya vipimo vilivyotulia.

Siku ya kumhamisha, jaza tangi jipya kwa maji yaliyoondolewa klorini, linganisha joto na pH yake na lile la zamani, na hamisha filta ya zamani ikiwa bado inadondosha maji, ifanye kazi pembeni ya mpya kwa miezi 2. Mbebe kwa ndoo yenye kifuniko, usimbebe kwa wavu, kwani miiba ya mapezi hunasa na magamba hutoka. Zima taa. Huenda akalala ubavu chini ya tangi, amekuwa mweusi, hataki kula siku 2 au 3, nawe utadhani unampoteza na huyu pia. Oska wengi hufanya hivyo wakihamishwa. Hesabu mapigo ya matamvua yake kwa dakika moja, andika, rudia baada ya saa chache. Yakiwa yametulia na amonia ni sifuri, mwache. Yakipanda, pima maji kwanza kabla hujafikiria dawa yoyote, kisha niandikie namba.